Bungua wa Maharagwe: Ukiona Tundu, Umekwisha Chelewa

  Najua wengine wenu mmetoka shambani sasa hivi na jembe bado liko mlangoni. Wengine mnachambua mboga ya jioni. Endeleeni na kazi zenu, lakini tegeni sikio, maana leo tunazungumza juu ya mwizi ambaye havunji mlango wala hachimbi ukuta. Mwizi huyu unambeba wewe mwenyewe kichwani kutoka shambani, unamfungia ndani, kisha unampa miezi mitatu ale kwa raha zake. Mwizi huyu ni bungua wa maharagwe.

Wengine humwita fukusi, na wengine husema tu "wadudu wa maharagwe". Jina lolote mnalomwita, kazi yake mnaijua. Ni yule mdudu mdogo wa rangi ya kijivu au kahawia ambaye huacha tundu la mviringo, safi kabisa, kama limetobolewa kwa msumari. Wenzake wanakula kunde, choroko, mbaazi, dengu na njugu mawe.

Kabla sijaendelea, nataka niwasimulie habari moja. Wakati fulani nilikuwa nikitembelea wakulima katika wilaya ya Kilosa. Ilikuwa mwezi wa Novemba, watu wanangoja mvua. Nikafika kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, nikabisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ingawa umekuja siku ya msiba."

Nikashtuka. Nikadhani nyumba ina maiti. Nikavua kofia na kuuliza taratibu, nani ametutoka. Mama akaingia chumbani, akatoka na debe, akalimimina juu ya mkeka mbele yangu. Ndugu zangu, kilichomwagika kilikuwa unga wa kijivu na maganda. Maharagwe machache yaliyobaki yalikuwa mepesi kama maganda ya karanga, kila moja lina matundu manne, matano. Na juu ya mkeka wadudu wakatawanyika wakitafuta pa kujificha.

"Yalikuwa madebe mawili," akasema. "Haya ndiyo mbegu yangu. Niliyachambua mwenyewe mwezi wa saba, moja moja. Nikayaanika, nikayatia kwenye debe, nikafunga kifuniko. Sikukifungua mpaka leo. Sasa niambie wewe uliyesoma: nani amewaingiza wadudu humu? Mimi naona maharagwe haya yanazaa wadudu yenyewe."

Mama yule hakuwa mjinga, na swali lake lilikuwa la haki. Ukifunga debe halina mdudu, ukafungua limejaa wadudu, utasema nini? Basi mazungumzo ya leo yote ni jibu la swali la mama yule. Tukilielewa jibu lake, nusu ya kazi ya kumshinda bungua imekwisha.

WADUDU WALITOKA WAPI?

Ndugu wakulima, maharagwe hayazai wadudu, kama vile nguo hazizai chawa. Kila bungua unayemwona alitoka kwenye yai, na yai hilo lilitagwa na mama yake. Mama huyo alilitaga wapi? Mara nyingi alilitaga shambani, kabla hujavuna.

Bungua wa kawaida wa maharagwe anaruka. Maganda ya maharagwe yanapoanza kugeuka manjano na kukauka, yeye hutoka kwenye maghala yetu na masalia ya mwaka jana, akaruka mpaka shambani. Hutafuta ganda lililopasuka kidogo, au yeye mwenyewe hulitoboa, akataga mayai yake ndani. Mayai hayo ni madogo mno. Yakianguliwa hutoka funza mweupe, mdogo kuliko chembe ya chumvi. Funza huyu hutafuta harage, akatoboa ngozi yake, akaingia ndani. Tundu aliloingilia ni dogo hata jicho halilioni.

Hapo ndipo wewe unapofika na kuvuna. Unang'oa, unaanika, unapiga kwa fimbo, unapepeta, unachambua. Unaangalia harage mkononi, unaliona zima, linang'aa, halina kasoro. Lakini ndani mna mtu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kikulacho ki ndani ya mbegu yako.

Humo ndani funza hula kimya kimya. Hatoki, hana haja ya kutoka. Nyumba yake ndiyo chakula chake. Akishashiba husogea karibu na ngozi ya harage, akaila kwa ndani mpaka ibaki nyembamba kama karatasi. Ukitazama vizuri hapo utaona alama ya mviringo, kama dirisha dogo. Nyuma ya dirisha hilo hulala akabadilika kuwa bungua mkubwa, kisha husukuma dirisha, likadondoka, naye akatoka. Hilo ndilo tundu mnaloliona.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Bungua mkubwa mwenye mabawa hali maharagwe. Anayekula ni funza aliye ndani. Yule mkubwa anaishi wiki mbili tatu tu, na kazi yake ni kutafuta mwenzake na kutaga. Kwa hiyo tundu si alama ya hasara inayoanza. Ni alama ya hasara iliyokwisha. Mahali pa joto, tangu yai mpaka bungua kutoka ni muda wa wiki nne hivi. Kwenye baridi ya milimani huchukua zaidi, hata miezi miwili. Ndiyo maana nasema: ukiona tundu, umekwisha chelewa mwezi mmoja.

HESABU YA BUNGUA

Hebu tupige hesabu kidogo. Bungua jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hadi 60. Tuchukue 40. Tuseme katika debe la mama yule waliingia majike 10 tu, kutoka shambani. Hao watataga mayai 400. Tuseme nusu wanakufa, wanabaki 200. Nusu ya hao ni majike, yaani 100. Basi baada ya kizazi kimoja, majike 10 wamekuwa 100. Baada ya kizazi cha pili ni 1,000. Baada ya kizazi cha tatu ni 10,000, na hao ni majike peke yao.

Ndiyo sababu mwezi wa kwanza huoni kitu. Mwezi wa pili unaona mdudu mmoja mmoja, unasema, "Aa, hawa ni wachache." Mwezi wa nne unafungua debe, unalia. Wadudu hawakuja ghafla. Walikuwa wanaongezeka mara kumi kumi wakati wewe umelala.

Na hasara si ya chakula tu. Harage lenye matundu mengi likipandwa haliaminiki kuota, na likiota mche wake huwa dhaifu kwa sababu akiba yake imeliwa. Mnunuzi akichota kiganja kimoja kwenye gunia lako akaona matundu, atakupunja bei au atakuambia ubebe gunia lako urudi nalo. Na iko hasara nyingine ambayo hatuihesabu. Wakulima wengi huuza maharagwe yote wiki ile ile ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini kabisa. Ukimwuliza, "Ndugu, mbona usingoje?" anakujibu, "Nikingoja wataliwa na wadudu." Kisha mwezi wa pili au wa tatu anayanunua maharagwe yale yale dukani kwa bei ya juu ili watoto wale. Hapo bungua amemla mkulima bila hata kugusa maharagwe yake.

UMJUE ADUI YAKO

Kabla hujachagua dawa, mtambue bungua wako, maana hawafanani tabia.

Wa kwanza ni bungua wa kawaida wa maharagwe. Huyu ana urefu wa milimita tatu hadi tano, rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Anapenda sana nchi za milimani zenye baridi kiasi, na huanza kazi shambani. Mayai yake hayagandishi popote. Huyaacha yazagae katikati ya maharagwe. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Wa pili ni mdogo zaidi, mviringo, mweusi au wa rangi ya giza, na jike lake lina mabaka meupe mgongoni. Anapenda sehemu za joto. Huyu hugandisha mayai yake juu ya ngozi ya harage, na husumbua zaidi ghalani kuliko shambani. Wote wawili hawa asili yao ni bara la Amerika; walisafiri pamoja na maharagwe yenyewe, ambayo nayo yalitoka huko.

Wa tatu ni bungua wa kunde. Huyu ni mwenyeji wetu hapa Afrika. Hushambulia kunde, choroko, njugu mawe na jamii hiyo. Naye hugandisha mayai juu ya mbegu. Chukua kunde mkononi, zitazame mwangani. Ukiona vidoa vyeupe vidogo vimenata kama matone ya chokaa, hayo ndiyo mayai yake. Mahali pa joto kizazi chake ni wiki tatu hadi nne tu.

Na msimchanganye na dumuzi, yule ambaye wengi humwita Skania, na ambaye hapa Afrika alitambuliwa kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dumuzi ni adui wa mahindi na muhogo mkavu. Dawa na mipango ya dumuzi si lazima ifae kwa maharagwe.

VITA VIANZIE SHAMBANI

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kama bungua anatoka shambani, basi na vita vianzie shambani.

Kwanza, wiki mbili kabla ya mavuno, safisha ghala au chumba cha kuwekea. Fagia mpaka kwenye nyufa na pembe. Maharagwe ya mwaka jana yaliyobaki na matundu usiyatupe nyuma ya nyumba; yachome moto. Masalia hayo ndiyo kitalu cha bungua wanaoruka kwenda shambani. Magunia ya zamani yatumbukize kwenye maji yanayochemka, kisha yaanike mpaka yakauke kabisa. Nyufa za ukuta zizibe kwa udongo.

Pili, vuna mapema. Maganda yakishakauka, usiyaache shambani ukisema, "Nitavuna Jumamosi ijayo," halafu Jumamosi kuna harusi, na ijayo kuna msiba. Kila siku ganda kavu linapokaa shambani ni siku ya bungua kutaga. Ng'oa, anika, piga, pepeta, usikae na maganda nyumbani wiki nyingi.

Tatu, kausha vizuri. Anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu. Harage lililokauka ukiling'ata halibonyei, linapasuka kwa sauti. Iko pia njia ya chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia maharagwe mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha acha kwa dakika 10 hadi 15. Ukiona chumvi imenata kwenye kuta za chupa, rudisha maharagwe juani.

Ukianika maharagwe yenye wadudu, anika mbali na ghala. Bungua wakiona jua kali hukimbia. Ukianika mlangoni pa ghala, umewafungulia njia ya kurudi ndani.

Nne, chambua. Harage lililopasuka, lililooza au lenye kidirisha litoe. Na mavuno mapya usiyaweke kamwe pamoja na ya zamani.

NJIA ZA KUHIFADHI

Mkishafanya hayo, bado mna funza waliojificha ndani ya mbegu, kama tulivyosema. Kwa hiyo hifadhi isingoje. Ifanyike mara maharagwe yakikauka, wiki ile ile. Njia ziko kadhaa. Kila mtu achague kwa uwezo wake.

Njia ya kwanza ni kumnyima hewa. Bungua anavuta hewa kama wewe. Ukimfungia mahali ambapo hewa mpya haiingii, yeye mwenyewe na wenzake wataimaliza ile iliyomo. Kwanza wataacha kula, kisha watakufa, pamoja na funza walio ndani ya mbegu. Kazi hii hufanywa na mifuko ya tabaka tatu, ambayo hapa kwetu wengi wanaijua kwa jina la kinga njaa. Mifuko hii ilianza kwa utafiti juu ya kunde uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kaskazini mwa Kameruni mwaka 1987. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na nje yake mfuko wa kawaida wa kusukwa.

Namna ya kuitumia ni hii. Kagua kwanza mifuko ya plastiki kwa kuijaza hewa na kuifinya. Ukisikia hewa inatoka, ina tundu, haifai. Jaza maharagwe makavu katika mfuko wa ndani, ukishindilia ili hewa isibaki. Acha mdomo wa kutosha kuusokota. Usokote, ukunje chini, ufunge kwa kamba kwa nguvu. Fanya vivyo hivyo kwa mfuko wa pili, kisha wa nje. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya wasiufikie. Halafu usiufungue kila siku! Maharagwe ya kula yaweke katika chombo kingine. Anayefungua na kufunga kila jioni anawaletea wagonjwa wake hewa. Ndani ya mifuko hii usitie dawa yoyote, haihitajiki.

Kama huna mfuko, kwa mbegu kidogo tumia dumu la plastiki au chupa zenye vifuniko vinavyobana. Zisafishe, zikauke kabisa, kisha zijaze mpaka shingoni. Chombo kilichojaa nusu kina hewa nyingi, na bungua ataishi. Jaza pomoni, funga, usifungue mpaka siku ya kupanda.

Hapa ndipo mama yule wa Kilosa alipokosea kidogo tu. Debe lake lilikuwa na kifuniko, lakini kifuniko cha debe hupitisha hewa pembeni. Lilizuia panya, halikumnyima bungua pumzi.

Njia ya pili ni majivu. Wazee wetu waliijua. Lakini wengi siku hizi hutia kiganja kimoja cha majivu katika debe zima, kisha husema majivu hayafai. Majivu yanataka kuwa mengi: kwa kila makopo manne ya kunde, tia makopo matatu ya majivu. Yawe yamepoa kabisa na yamechekechwa. Changanya vizuri, shindilia katika mtungi, kisha funika juu kwa tabaka la majivu matupu lenye unene wa vidole viwili. Majivu hujaza nafasi zilizo kati ya mbegu, bungua akitoka hawezi kutembea wala kupata mwenzake. Kwa mwenye madebe mawili njia hii inafaa sana. Kwa mwenye magunia ishirini, atayapata wapi majivu yote hayo?

Njia ya tatu ni mafuta ya kula, kama ya alizeti au ya karanga. Pima kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa kila kilo moja. Debe la kilo 20 linataka mililita 100, ambayo ni theluthi ya chupa ndogo ya soda. Changanya kidogo kidogo kwa mikono mpaka kila mbegu ing'ae. Mafuta huyaziba mayai yaliyo juu ya mbegu yasianguliwe. Hayamfikii funza aliyekwisha ingia ndani sana, kwa hiyo fanya mapema.

Njia ya nne ni jua lenye plastiki, na hii ni hasa kwa kunde za kula. Tandika majani makavu au mkeka, juu yake plastiki nyeusi. Tandaza kunde, unene usizidi upana wa kidole gumba. Funika kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, bana kingo zote kwa mawe. Iwe ni siku ya jua kali, adhuhuri, kwa saa mbili au zaidi. Watafiti walikuta kwamba joto la nyuzi 57 likikaa kwa saa moja linaua bungua wa kunde wote, tangu yai mpaka mkubwa, na chini ya plastiki joto hupita hapo. Zikishapoa zitie mara moja katika chombo kinachofungwa vizuri, la sivyo bungua wapya wataingia. Kwa mbegu ya kupanda, ni salama zaidi kutumia njia nyingine nilizotaja.

Njia ya tano haigharimu hata senti moja: kubingirisha. Nilisema mkumbuke kwamba bungua wa kawaida wa maharagwe hagandishi mayai. Funza wake akianguliwa hana mahali pa kujishikiza. Lazima ajibane kati ya harage na harage ndipo atoboe, na kazi hiyo humchukua kama siku nzima. Ukilibingirisha gunia kabla hajamaliza, maharagwe husogea, naye hupoteza tundu lake na kuanza upya. Ukibingirisha tena, anaanza tena, mpaka anachoka na kufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walilipima jambo hili na kulitangaza mwaka 1991. Bungua walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Basi jaza gunia au ndoo nusu tu, ili maharagwe yapate nafasi ya kuzunguka. Libingirishe mzunguko mmoja asubuhi na mmoja jioni, kila siku, mpaka usione tena bungua mpya akitoka. Hata mtoto aendaye shule anaweza kazi hii. Lakini kwa bungua wa kunde na kwa yule mdogo mweusi usiitegemee, maana mayai yao yamegandishwa, na funza wao hujishikiza hapo hapo kwenye yai lake.

JUU YA DAWA ZA DUKANI

Ziko dawa za unga zinazoruhusiwa kuchanganywa na nafaka na jamii ya kunde. Ukiamua kutumia, nunua iliyosajiliwa, iliyo katika pakiti yake iliyofungwa, na soma maelezo: je, inaruhusiwa kwa maharagwe? Ni kiasi gani kwa gunia? Ungoje siku ngapi kabla ya kula? Kama maandishi yanakushinda, mpelekee afisa ugani akusomee, si aibu.

Lakini ndugu zangu, nasema haya kwa uchungu: dawa ya kunyunyizia pamba au nyanya usiitie katika maharagwe. Dawa ya ng'ombe ya kupe usiitie. Vile vidonge vya kufukiza maghala hutoa gesi inayoua watu. Usiviweke katika nyumba wanamolala watoto, hata chumba cha pili. Kuna watu waliolala salama wasiamke kwa sababu ya gunia lililokuwa uvunguni. Maharagwe yaliyobunguliwa ni hasara, lakini hasara ya maharagwe hulipika. Hiyo nyingine hailipiki.

KABLA YA KUPANDA

Hata ukihifadhi vizuri, pima mbegu yako wiki mbili kabla ya mvua. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua, zipange katika kipande cha gunia kilicholowana, kikunje, kiweke kivulini, ukinyunyizie maji kila siku. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, panda. Zikiwa 60, ongeza mbegu katika kila shimo. Zikiwa chini ya nusu, pika ule, utafute mbegu nyingine wakati muda ungalipo.

Sasa niwamalizie habari ya mama yule. Mwaka ule alikopa debe moja la mbegu kwa jirani, kwa sharti la kurudisha mawili baada ya mavuno. Akapanda, akavuna, akalipa. Hata hivyo katika kile kilichobaki alitenga debe moja la mbegu. Safari hii hakungoja. Wiki ile ile aliyomaliza kuyakausha, aliyajaza katika madumu ya mafuta ya kula yaliyooshwa na kukaushwa, mpaka shingoni, akakaza vifuniko. Nilipopita tena kwake mwezi wa kumi na moja, hakunisalimia kwa habari ya msiba. Alinimiminia kiganja kimoja mkononi, mazima, mazito, yanang'aa.

"Walikuwamo," akaniambia. "Nimewaona wachache chini ya dumu, wamekufa. Kumbe kweli niliwaleta mwenyewe."

Ndugu wakulima, hayo ndiyo maneno ya kushika leo. Tunawaleta wenyewe, basi tuwazuie wenyewe, na tuwazuie mapema. Safisha ghala kabla ya mavuno. Vuna mapema. Kausha vizuri. Hifadhi wiki ile ile bila kungoja tundu. Na mwambie jirani yako, maana bungua anaruka: ghala chafu la jirani ni shamba lako la mwakani.